Safari ya Bi Mize

Salma aliniandikia siku ya tatu baada ya mazishi. Ujumbe ulikuwa mfupi: mama ametangulia mbele ya haki, alifariki asubuhi kitandani kwake bila kuteseka, arobaini itasomwa nyumbani Kwahani, ukijaaliwa njoo. Nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Voi, watu watatu tu mbele yangu, nikatoka nikaenda kuketi nje kwenye ukuta mfupi wa bustani. Nililia, lakini nisijipe sifa nisiyostahili. Nusu ya machozi yale yalikuwa ya hofu. Kuna jambo nililopaswa kumwambia Bi Mize tangu mwaka ule tulipokuwa pamoja Jeddah, na nililiahirisha miaka yote hii, kila mara nikijiambia kwamba jambo kama lile halisemwi kwa simu, nitalisema siku nitakayomtembelea. Sikumtembelea. Tulipigiana simu kila sikukuu, zake na zangu, tukaulizana habari za magoti na za watoto, na jambo lenyewe likakaa palepale. Pale ukutani nikajiapiza kwamba nitakwenda Unguja na nitamwambia Salma, bintiye, kila kitu, na kama ataamua kunitoa nyumbani kwake basi anitoe. Yaliyotokea nilipofika nitayaeleza, lakini kwanza niueleze mwaka wenyewe, maana bila huo mtu hawezi kuona nilichokifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nyumba ilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, ghorofa mbili, marumaru kila mahali, na kazi yangu ilikuwa usafi, pasi, na kumwangalia Lulu, mtoto wa pekee wa madam, aliyekuwa na miaka minne. Bi Mize alikuwa mpishi. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika familia ile. Aliletwa na mama mzazi wa baba mwenye nyumba, bibi mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza ambaye sote tulimwita Sitti, kama mjukuu wake alivyomwita. Chumba chetu sisi wawili kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia. Vitanda viwili, kabati moja, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Siku niliyofika Bi Mize alinipa kitanda kilicho chini ya kiyoyozi, akasema mtu wa milima ya Taita hataliweza joto la Jeddah, na yeye akahamia karibu na mlango, ambako mashine ya kufulia ilimtikisa kila asubuhi. Ijumaa aliruhusiwa kwenda kwa binamu yake mtaa wa Karantina, akirudi na mfuko wa mihogo, ndizi mbichi na pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Tulikula sakafuni, migongo yetu ikiegemea vitanda, na madam akalalamikia harufu mpaka Jumatatu. Alikuwa akinichagulia vipande laini, na mimi nilivichukua bila hata kushukuru, nikidhani ndivyo watu wazima wanavyotakiwa kufanya.

Nyumba ilikuwa na sebule tatu, lakini Sitti alikaa jikoni. Alikuwa na kiti chake chenye mto karibu na jiko, na asubuhi yote alimsimamia Bi Mize kuhusu chumvi, nami nikiwasikia kupitia mlango wa chumba cha pasi ulioachwa wazi kidogo. Kiarabu cha Bi Mize kilikuwa cha nyumba ile ile, chenye maneno ya Sitti mwenyewe na hasira zake, kiasi kwamba kwa kusikiliza tu usingejua nani bibi na nani mpishi. Walizungumzia waume zao, wote wawili marehemu, na wakakubaliana kwamba wote wawili walikuwa wavivu. Sitti alikuwa na kifua kibovu na hamu ya chakula imemwisha. Alichokula kwa hiari ni saliq tu, ule wali unaopikwa kwa maziwa mpaka ukawa kama uji mzito, na lazima uwe umepikwa na Bi Mize. Kila mwaka familia ilisafiri, leo Uturuki, kesho Uingereza, na kila mwaka Bi Mize alibaki kwa sababu nyumba haiwezi kuachwa tupu. Mwaka ule daktari alisema Sitti apelekwe mahali penye hewa ya milimani, na baba akapata nyumba ya kukodi katika milima ya kusini mwa Ujerumani, wiki tatu, mwisho wa Septemba. Nilikuwa nikimimina kahawa Sitti aliposema mezani kwamba yeye haendi kokote bila Mize. Madam alikubali. Jina langu liliongezwa kwenye maombi ya viza kwa tahadhari tu, kama tairi la spea.

Bi Mize alibadilika. Mwanamke aliyekuwa akinituliza kila nilipopayuka alianza kupayuka mwenyewe. Binamu yake alimpatia sweta zito la kijani, na akawa analivaa chumbani, anasimama chini ya kiyoyozi kilichofunguliwa mpaka mwisho, ananiuliza kama baridi ya huko itazidi ile. Aliniuliza ukungu wa kwetu Wundanyi unakuwaje, unalowesha nguo au hauloweshi. Aliniuliza theluji ina harufu gani, kana kwamba mimi nimeiona wapi. Nilimjibu kwa mkato. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimwonea wivu. Nilikuwa na kundi la WhatsApp la wasichana niliosoma nao, na wawili kati yao walikuwa wauguzi, mmoja ameolewa Uingereza, na kila walipotuma picha zao mimi nilituma picha ya kikombe cha kahawa cha madam. Nilitaka wanione nimesimama kwenye theluji. Nimejaribu mara nyingi kuitafuta sababu iliyo nzuri kuliko hiyo, hata sababu ya njaa au ya mgonjwa nyumbani ningeshukuru, lakini haipo. Nilitaka kupigwa picha.

Viza ilishughulikiwa Riyadh. Tulipelekwa sote kwa dada yake madam, tukakaa huko wiki nzima, mimi na Bi Mize tukilala kwenye chumba cha stoo kati ya magunia ya mchele. Jumapili tulikwenda kuchukuliwa alama za vidole. Madam na Sitti walimaliza mapema wakarudi garini, kwa kuwa Sitti alichoka kusimama, nasi tukabaki kwenye benchi la wanawake mpaka tuliposikia namba zetu. Aliyetuhudumia alikuwa dada wa Kifilipino mwenye miwani, mpole, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kibaya kuliko changu, kwa hiyo alizungumza Kiingereza. Vidole vyangu vilikubali mara ya kwanza. Vya Bi Mize vilikataa. Dada yule akapangusa kioo, akampangusa Bi Mize vidole kwa karatasi yenye maji, akamshika mkono na kubonyeza kidole kimoja kimoja, na kila mara taa ikawaka nyekundu. Ndipo akaugeuza mkono ule juu, akautazama, akaniuliza kama mama huyu anafanya usafi. Nikasema anapika na anasafisha jiko. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kuyaona mengi, akaniambia niwaeleze waajiri wetu kwamba hili ni jambo la kawaida kwa wanaoshika jiki: ngozi imelika juu tu, itarudi. Asiguse jiki wala sabuni kali, apakwe mafuta asubuhi na jioni, arudi Alhamisi, vidole vitasoma. Akaandika siku na saa kwa Kiingereza kwenye kikaratasi, akanipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia.

Bi Mize alikuwa akitutazama kwa zamu, mara yeye, mara mimi. "Anasemaje?" akaniuliza.

Nakumbuka kwamba sikufikiri. Watu husema hivyo kujitetea, lakini mimi nasema kwa sababu linanitisha: uongo ule ulikuwa tayari mdomoni, umekamilika, kama uliokuwa ukingoja tu nafasi. "Anasema vidole vyako vimekwisha, Bi Mize. Mashine haivioni tena."

Alivitazama. Aliinua mikono yote miwili usawa wa macho, akavisugua vidole gumba juu ya vingine polepole, kama mtu anayepima unga kama umelainika. Kisha akamshukuru yule dada kwa Kiarabu, akajitanda vizuri, tukatoka. Garini madam aliuliza imekuwaje na mimi ndiye niliyejibu: "Basma mafi, madam. Halas," yaani alama za vidole hakuna, basi. Sitti akauliza kwa nini, akaambiwa ni uzee. Akasema yeye ni mzee zaidi na vyake vimesoma. Tulipofika nyumbani niliingia msalani na kile kikaratasi nikakichana na kumwagia maji.

Lakini kitu kinachonikosesha raha zaidi si Jumapili. Jumapili ilikuwa dakika moja. Baada yake zilikuja Jumatatu, Jumanne na Jumatano, siku tatu nzima ambazo ningeweza kusema nilikosea kusikia, na zote nilizipitisha nikiwa na akili timamu. Dada yake madam alikuwa na wageni, na Bi Mize, kwa kuwa safari ilikuwa imekwisha kwake, alijitosa katika kazi za nyumba isiyo yake. Jumatano asubuhi nilimkuta kwenye bafu la wageni amepiga magoti, ndoo ya maji ya jiki kando yake, mikono mpaka viwiko ndani. Nilisimama mlangoni. Akanigeukia akaniambia nisiingie na miguu michafu nitaacha alama. Nilijua kwamba mikono ile haikutakiwa kuwa mle, na kwamba Alhamisi ilikuwa kesho yake, na kwamba yeye ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyewahi kunifunika shuka nilipokuwa na homa. Nikamuuliza kama anataka nimletee glovu. Akasema glovu za nini tena, mwanangu, vidole vyenyewe vishakwisha. Nikaenda kuanika nguo. Alhamisi ikafika, saa iliyoandikwa ikapita wakati nikimlisha Lulu uji, na niliitazama saa ya ukutani mpaka mshale ulipovuka, kisha nikahisi, naandika haya kwa aibu, furaha.

Nyumba ya Ujerumani ilikuwa ya mbao, na kila unapokanyaga ililia. Ilikuwa na roshani yenye maua mekundu, na mbele yake bonde, na juu ya bonde milima mikubwa ya kijivu ambayo vilele vyake vilikuwa vimepakwa theluji changa. Kwetu ile ndiyo miezi tunayoanza kuzitazamia mvua za vuli. Kule miti ilikuwa ikijivua majani, mingine ya manjano, mingine ya kutu, na asubuhi ukungu ulilala bondeni sawasawa na ule wa Wundanyi, nao ulilowesha nguo. Nilipiga picha. Baba alitupandisha kwa gari la kamba linaloning'inia hewani mpaka penye theluji, nikampa madam simu yangu, na yeye, ambaye siku zote alikuwa mwema kwa namna yake, akanipiga picha nne. Nilituma moja katika kundi la wasichana kabla hatujashuka. Walijibu wengi. Nikasoma majibu yao nikiwa nimeketi kwenye benchi, vidole vikiuma kwa baridi, na nikashangaa jinsi yalivyoisha haraka. Theluji haina harufu yoyote, au kama inayo mimi sikuisikia.

Jikoni mambo yalikwenda kombo tangu siku ya kwanza. Nilipika saliq, Sitti akaonja, akaweka kijiko chini. Siku ya pili nikapika tena, akasema ahsante binti yangu na akaomba chai. Siku ya nne madam alikasirika, akaniambia nimuulize Mize. Ndipo zilipoanza sauti. Bi Mize alibaki Al-Rawdah peke yake na paka, na kila asubuhi alinirekodia ujumbe mrefu, jiko likinguruma nyuma yake, kwa sababu alikuwa akipika huku akinieleza ili nimfuate hatua kwa hatua. Alipika sufuria nzima ya wali usio na mlaji. "Maziwa usiyatie yote mara moja, mwanangu. Tia, ngoja yanywewe, tia tena. Na usiondoke hapo. Mwenyewe ataisikia harufu atakuja kukaa, ukimwona kakaa basi ushafika." Mwisho wa kila ujumbe aliniagiza niisalimie milima. Aliniuliza kama sweta lilinitosha. Maana aliniazima lile sweta la kijani. Alilikunja mwenyewe akalitia katika begi langu, na katika zile picha nne ndilo nililovaa.

Sitti alikuja akakaa, siku ya tisa. Aliburuta kiti mpaka karibu na jiko, akanitazama nikikoroga, akauliza kwa nini Mize hakuja. Nikasema vidole, Sitti. Akasema yeye amekula kutoka katika vidole hivyo miaka kumi na tisa na anajua vipo. Hakusema kwa kunishuku. Alisema kama mtu anayelalamikia serikali. Alikula vijiko sita, nikavihesabu, akasema chumvi, akaenda kulala. Katika wiki tatu zile alikonda zaidi ya alivyokuja, na madam alimwambia mumewe sebuleni, nikiwa napiga pasi nyuma ya mlango, kwamba hewa nzuri haina faida kwa mtu asiyekula, na kwamba mama anaona upweke. Baba akasema wangemleta Mize hata kwa kulazimisha. Pasi ikanisimama mkononi, nikaunguza shati lake, na nilipogombezwa nilifarijika kugombezwa kwa jambo lolote.

Jumamosi ya mwisho tuliteremka kijijini kuona ng'ombe. Mama mwenye nyumba tuliyokodi, mwanamke mrefu aliyezungumza Kiingereza cha taratibu, alikuwa ametueleza kwamba ng'ombe hukaa juu ya mlima kiangazi chote, na majani yanapoanza kuanguka hurudishwa bondeni kwa shangwe, wamevikwa mashada ya maua na vioo kichwani, na kijiji kizima hutoka kuwapokea. Madam alimvalisha Lulu gauni kwa ajili ya picha. Tulisikia kengele muda mrefu kabla ya kuwaona, na mimi niliyekulia kati ya ng'ombe nilichangamka kweli. Wakatokea kwenye kona, wakubwa, wa kahawia, kengele shingoni za ukubwa wa sufuria, na vichwani hawana kitu. Hata ua moja. Wachungaji nao walivaa nguo za kawaida na watu kandokando walikuwa wakivua kofia. Madam akauliza maua yako wapi, nikamuuliza mama mwenye nyumba. Akasema mwaka huo mchungaji mmoja aliteleza huko juu akafa, na kundi lililopatwa na msiba halipambwi. Linashushwa hivyo hivyo, kila mtu aone kwamba huko juu kulitokea jambo. Nikamtafsiria madam, na safari hii nilitafsiri kila neno. Sitti, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini, akasema watu hawa wana adabu. Nilisimama nyuma yake nimeshika vishikio vya kiti, nimevaa sweta la mwenzangu, nikatamani ardhi inimeze. Nilidhamiria kwamba nikifika Jeddah nitasema siku ile ile.

Sikusema. Bi Mize alitupokea na udi umefukizwa vyumba vyote na akamkumbatia Sitti mpaka Sitti akakohoa. Kisha akaniketisha kitandani akaniambia, haya, nionyeshe. Nilimwonyesha picha moja baada ya nyingine na alizikuza kwa vidole vile vile, akiuliza huu mti gani, hii nyumba ya nani, ng'ombe hawa mbona wanene. Alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyonifunga mdomo, au ndivyo nilivyojiambia. Sitti alifariki kabla ya Ramadhani, nyumbani, Bi Mize akiwa amemshika mkono. Nilijifunza kwamba unaweza kumtumikia mtu kwa bidii mno kwa sababu ya uliyomtenda: nilianza kumfulia Bi Mize nguo, kumkanda magoti, kumwachia kitanda cha kiyoyozi. Alinikatalia kitanda tu.

Baada ya mfungo ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikawa inaisha, na ofisi ilitaka alama za vidole upya. Alikwenda na madam asubuhi. Vidole vikakataa, na karani, kwa Kiarabu safari hii, akamwambia yeye mwenyewe: asiguse jiki, apake mafuta, arudi baada ya siku tatu. Alikaa siku tatu na mikono yake ndani ya soksi zilizolowekwa mafuta ya zeituni, nami nikipika badala yake, nikijua kinachokuja. Alirudi siku ya nne adhuhuri. Nilikuwa nakata vitunguu. Alivua baibui lake, akalitundika, akasimama upande wa pili wa meza.

"Kumbe vidole vyangu havijesha," akasema.

Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkristo. Alinitazama. Kitunguu kilinitoa machozi na nilikishukuru. Kisha akanyoosha mkono akaniambia nimpe kisu, navikata vinene mno, na akaendelea nilipoishia. Hatukulizungumza tena. Mwaka uliofuata mkataba wangu uliisha nikarudi nyumbani, na alinisindikiza mpaka getini na mfuko wa tende, na lile sweta la kijani ndani yake.

Basi ndiyo mzigo niliokwenda nao Kwahani. Nilifika siku ya arobaini yenyewe, alasiri, ua umejaa viatu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka katika chumba cha ndani, kisomo kimekwisha, wali wa birinzi unapakuliwa kwenye sinia. Nilijifunga kanga kichwani nikaketi karibu na mlango, nikipanga maneno: nitamvuta Salma pembeni watu wakishaondoka. Hakunipa nafasi hiyo. Ana uso wa mama yake, mpana na mtulivu, na aliponiona aliinuka, akanishika mkono, akanipitisha kati ya watu mpaka alipoketi dada yake Bi Mize, Bi Time, mzee asiyeona vizuri, akaniketisha mbele yake. "Huyu ndiye Dada Mercy," akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Yule ambaye mama alimpa safari yake ya Ujerumani."

Wanawake wakageuka. Mmoja akasema ndiye huyu, kumbe bado kijana. Mwingine akasema Mize aliitaka mno safari ile, lakini ndivyo alivyokuwa, mkono wazi. Bi Time alinitafuta uso kwa kiganja, akakipata, akaacha kiganja shavuni pangu. "Ni kweli, mwanangu?" akauliza. "Alikupa mwenyewe?"

Niliona nafasi yangu. Ilikuwa wazi kabisa mbele yangu, chumba kizima kikisikiliza. Nikajiambia kwamba marehemu amechagua kusimulia hivyo, na kwamba kumvunjia hadithi yake mbele ya majirani ni kumdhalilisha, na kwamba Salma nitamwambia baadaye peke yake. Sababu zote zilikuja upesi, zimekamilika.

"Ni kweli," nikasema. "Alinipa."

Bi Time akaondoa kiganja chake, taratibu, akakiweka pajani. Mazungumzo yakarudi, sinia zikapita. Nilikula kidogo. Watu walipopungua nilimfuata Salma uani, alikokuwa akisuuza masufuria, nikamwambia kuna jambo kuhusu mama yake na safari ile ambalo lazima alijue. Hakugeuka. Alisuuza sufuria aliyokuwa nayo mpaka mwisho, akaifudikiza kwenye kichanja, akafuta mikono kwa kanga yake.

"Tunalijua, Dada Mercy," akasema. "Mimi na Mama Time. Alitwambia zamani, aliporudi, na akatukataza kukuuliza. Alisema ukija, tukwambie mbele ya watu kwamba yeye ndiye alokupa, ili uso wako usianguke. Na kama mwenyewe unataka kusema kweli, hapo hapo utaisema."

Hakusema kwa ukali. Alisema jinsi mtu anavyokabidhi kitu alichoachiwa ili akikabidhi, kisha akainama akachukua sufuria nyingine. Nami nilikuwa nimeshajibu.